Stoo ya Nyumbani Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimezaliwa Mpwapwa, nimeolewa Nkuhungu, na tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mtaa wetu umejaa wageni. Wengi ni watu wa Dar na Pwani, na maswali wanayoniuliza kuhusu jiko yanafanana, basi nimeona niyajibu yote mahali pamoja. Shida yao kubwa ni kwamba wamehama na jiko la Dar kichwani: kila kitu kinanunuliwa jioni kwa kupima, nazi mbili, unga kilo moja, kesho tena. Hapa mvua inanyesha msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kwa mwaka mzima haifiki mbali, milimita 500 hadi 600. Chakula cha mashambani kwetu kinaingia sokoni kwa wingi mara moja, kisha bei inapanda polepole mpaka Januari na Februari. Mwenye jiko Dodoma anaangalia kalenda kabla ya kuangalia pochi.

Stoo yangu ni tupu kabisa. Nianze na nini?

Anza na vile unavyopika bila kufikiri. Nyumbani kwetu tuko watano, tunakula ugali mara moja kwa siku, na unga unaotoka ni kama kilo 30 kwa mwezi. Mchele kilo 12, maharage na choroko kwa pamoja kilo 7, mafuta lita 5, sukari kilo 4. Chumvi, majani ya chai, dagaa, karanga, mlenda mkavu na vitunguu ndiyo basi. Hesabu yako itakuwa tofauti, kwa hiyo mwezi wa kwanza andika kila unachomaliza kwenye daftari lililoning'inizwa nyuma ya mlango. Usinunue gunia la kitu chochote kabla daftari halijasema.

Wapo wanaoanza na viungo vya pilau na makopo mazuri ya kioo yenye vibandiko. Yanapendeza, sikatai. Ila nimeona stoo yenye makopo 20 ya viungo na mtu anatuma mtoto dukani kununua unga wa nusu kilo.

Dada, ni mwezi gani mzuri wa kununua nafaka?

Kati ya Juni na Agosti. Mahindi, mtama na uwele vimeshavunwa, na jua la kipupwe linavikausha vizuri. Mwezi wa tano mahindi yanakuwepo na bei inavutia, lakini mengi bado yana maji ndani, unalipia maji kwa bei ya mahindi. Ukisubiri Desemba umechelewa: mkulima mwenyewe anatafuta chakula wakati huo.

Ukiwa na usafiri au majirani wa kuchangia gari, Kibaigwa iko wilayani Kongwa kwenye barabara ya Morogoro, na ndiyo soko kubwa la nafaka la kanda hii. Kwa mtu wa gunia moja safari hiyo hailipi. Nenda Majengo au Sabasaba hapa mjini. Mchele wa Bahi ni wa jirani na una ladha yake, ingawa wageni wa Mbeya watabishana nawe mpaka jioni kuhusu mchele wa Kyela. Ulezi tafuta wa Kondoa.

Debe, kisado, gunia: nani anasema kweli?

Mizani. Kisado ni ndoo ndogo ya lita 4, visado vitano ni debe, na debe la mahindi lililojazwa kwa kilele lina kilo 17 hadi 18 hivi. Lakini vyombo vya sokoni vina historia. Vingine vimebonyea kwa ndani, vingine vina kitako cha pili, na kilele kinategemea mkono wa muuzaji na ulivyomsalimia. Gunia nalo linaweza kuwa lumbesa, lile lenye kichwa juu kama kilemba, ambalo sheria imelikataza. Mnunuzi wa nyumbani hufurahi akiona lumbesa, anadhani amependelewa, kumbe bei ilishapigwa hesabu na aliyeumia ni mkulima. Omba upimiwe kwa kilo. Mimi nina mizani ya kuning'iniza, ndogo ya mkononi, naenda nayo. Nilichekwa mwaka wa kwanza tu.

Nitajuaje kama mahindi yamekauka vya kutosha kuwekwa?

Wazee hung'ata punje. Ikikatika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, rudisha juani. Kipimo kizuri zaidi ni cha chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka mahindi mpaka robo ya chupa, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi ya mezani iliyokauka, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi na yana unyevu zaidi ya asilimia 15. Chumvi ikibaki chini imetulia, unaweza kuyaweka. Kiwango kinachotakiwa kwa akiba ndefu ni asilimia 13 na kitu.

Chumvi ya kipimo hiki iwe kavu kweli. Iliyokaa kwenye kopo wazi karibu na sufuria ya chai itakudanganya. Ikaange kidogo kwanza, ipoe.

Ukianika, anika juu ya turubai au mkeka. Udongo una vijidudu vya ukungu, na ndipo linapoanza swali linalofuata.

Hii sumukuvu inayotajwa redioni ni kweli, au ni maneno ya watu wa ofisini?

Ni kweli, na ilituingilia nyumbani. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hii. Inatengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga, hasa mmea uliposhikwa na ukame shambani ukiwa unajaza punje, au mazao yalipohifadhiwa yakiwa na unyevu. Ukame ndio desturi ya huku, kwa hiyo hatuwezi kujifanya hatuhusiki. Ikiliwa nyingi kwa mkupuo inaua ini kwa siku chache. Ikiliwa kidogo kidogo miaka mingi inaleta saratani ya ini.

Jambo ambalo watu hawalipendi kulisikia ni hili: moto wa jikoni hauiondoi. Uchemshe, ukaange, uchome, sumu inabaki. Kinachosaidia ni mikono. Mwaga mahindi kwenye ungo, kaa juani, chagua. Punje iliyobadilika rangi, yenye vumbi la kijani au njano, iliyovunjika, iliyosinyaa, iliyotobolewa, toa. Karanga hivyo hivyo, na karanga chungu tema, usiimeze kwa aibu. Kukoboa kunapunguza sumu kwa sababu sehemu kubwa iko kwenye ganda na kiini, hivyo mwaka ambao mahindi yanatia shaka sisi tunakula sembe na tunaacha dona. Halafu zile mbovu usiwape kuku wala ng'ombe ukadhani umeokoa hasara. Kuku hudumaa au hufa, na sumu hupita kwenye maziwa ya ng'ombe na kurudi kwa mtoto wako.

Nunua mahindi mazima, usage mwenyewe. Unga hauchaguliwi kwenye ungo.

Niliweka gunia mwezi wa saba, mwezi wa kumi nimekuta vumbi tupu. Nini kimetokea?

Dumuzi. Wakulima wengine wanamwita Skania, kama lile lori. Ni mdudu aliyeingia Afrika kutoka Amerika, akaonekana kwanza huku kwetu Tabora kabla ya kusambaa kwingine, na anatoboa mahindi, mihogo mikavu na hata mbao. Akishaingia gunia la kawaida, miezi mitatu inamtosha.

Dawa niliyoiamini ni mfuko usiopitisha hewa: ndani plastiki mbili nzito, nje kiroba cha kawaida. Unajaza nafaka kavu kwenye plastiki ya ndani, unakamua hewa, unaisokota shingo na kuifunga kwa kamba, kisha ya pili hivyo hivyo, kisha kiroba. Wadudu waliomo wanamaliza hewa na kufa humo humo. Hakuna sumu, na mfuko ukiangaliwa vizuri unatumika tena msimu ujao. Masharti ni mawili: nafaka iwe kavu, kwa sababu ikiwa na unyevu itaozea humo ndani ya plastiki, na usifungue kila siku. Ndiyo maana mimi nagawa, mfuko wa kula sasa na mifuko ya kusubiri. Kwa kiasi kidogo, dumu la lita 20 lililokauka na kujazwa mpaka shingoni linafanya kazi ile ile.

Dawa ya unga ya dukani inafaa kama unafuata maelekezo ya pakiti na siku za kusubiri kabla ya kula. Vile vidonge vinavyotoa gesi usiviingize kabisa kwenye nyumba mnamolala. Gesi yake inaua watu usingizini, na hakuna gunia lenye thamani hiyo.

Jivu na majani ya mwarobaini? Jivu lililochekechwa linasaidia kwenye maharage na kunde, kama ni jingi la kutosha kujaza nafasi kati ya punje. Kunyunyizia kiganja kimoja juu ya debe ni kujifariji tu. Pilipili kavu nimejaribu. Fukusi walikula maharage na pilipili wakaiacha safi.

Gunia lolote lisikae sakafuni wala kuegemea ukuta. Weka kwenye chaga, acha upenyo wa kupita fagio na paka.

Dona au sembe? Na mtama je?

Dona ina virutubisho zaidi, na kiini chake kina mafuta, kwa hiyo inachacha mapema. Saga ya wiki mbili tatu, zisizidi. Sembe inavumilia miezi. Unga ukitoka mashineni una joto. Umwage kwenye beseni upoe kabisa ndipo ufunge, la sivyo utatoa jasho ndani ya ndoo na kuganda mabonge.

Mtama na uwele ndivyo vyakula vya kale vya Ugogo, vinastahimili ukame ambao mahindi hayauwezi. Uwele kwa ugali, kwa mlenda, hauna mpinzani. Mgeni aanze kwa kuchanganya, sehemu moja ya uwele na mbili za mahindi, mpaka ulimi uzoee. Unga wake unachacha haraka kuliko dona, hivyo saga kidogo.

Mama, maharage yangu yanachemka saa nne na hayaivi. Nimeuziwa mabovu?

Huenda ni ya zamani, lakini usimlaumu muuzaji bado. Dodoma ina mambo mawili yanayogombana na maharage. La kwanza ni maji. Maji yetu mengi yanatoka ardhini, mjini hasa kwenye visima vya Mzakwe, na yana madini mengi. Ndiyo ule ukoko mweupe kwenye birika lako. Madini hayo yanakaza ganda la haragwe. La pili ni mwinuko. Tuko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, na maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100 kama Dar. Sufuria inatokota kwa kelele ileile, joto ni pungufu.

Loweka usiku kucha kwenye maji yenye chumvi kidogo, asubuhi mwaga, pika kwa maji mengine. Mvua ikinyesha kinga maji ya bati safi uweke madumu mawili ya maharage tu, utashangaa. Nyanya na ndimu zisiingie mpaka haragwe limelainika, kwa sababu uchachu unalikaza tena. Magadi kidogo, ncha ya kijiko, yanaharakisha, ila yakizidi yanaharibu vitamini na ladha inakuwa ya sabuni. Mwenye uwezo wa jiko la umeme la presha, maharage ndiyo sababu ya kulinunua. Maharage mekundu lazima yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi, usiyaivishe kwa moto wa kufifia mwanzo mwisho, yana sumu inayosokota tumbo.

Na ununue ya msimu. Haragwe lililokaa mwaka kwenye stoo yenye joto linakuwa jiwe, hata ukiwa na maji ya Lushoto. Ndiyo maana stoo yangu ina choroko na kunde nyingi kuliko maharage. Choroko zinaiva kabla mkaa haujashika majivu.

Kuhusu wadudu wa maharage na kunde: jua letu linatosha. Tandaza plastiki nyeusi, mimina punje kwa wepesi, funika na plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, bana pembeni na mawe, acha tangu saa nne mpaka saa kumi. Joto linaua mayai na mabuu. Ila zile za mbegu usizifanyie hivyo kama hujui.

Mlenda mkavu unawekwaje?

Swali hili nimeliombea. Mvua zinapoanza, mlenda unaota wenyewe mashambani na pembeni ya njia, na majani ya kunde yanakuwa laini. Wiki hizo chache ndizo zinazolisha miezi minane. Chuma asubuhi, osha, acha maji yachuruzike, tandaza kivulini penye upepo. Kivulini, narudia, kwa sababu jua kali linachoma rangi na vitamini; jani likibaki kijani umefanikiwa, likiwa la kahawia utakula nyasi. Likikauka likawa linavunjika mkononi, twanga kwenye kinu, chekecha, weka kwenye kopo lenye mfuniko. Majani ya kunde wengine huyachemsha kwanza dakika chache ndipo yaanikwe.

Kupika: nusu lita ya maji na chembe ya magadi, yakichemka nyunyiza vijiko vitatu vya unga wa mlenda huku upekecho unazunguka, tia nyanya na chumvi, malizia na karanga zilizotwangwa. Dakika 10. Usifunike, utafurika mpaka kwenye mkaa.

Usiyefika kuchuma, Majengo wanauza kwa kipimo. Chukua kidogo kwanza, ulegeze na maji ya moto kwenye kikombe, sikia kama una mchanga.

Nazi zinanimaliza hela. Nifanyeje?

Achana nazo kwa siku za kawaida. Zinatoka Pwani na Tanga, nauli yake unalipa wewe. Karanga zinalimwa hapa hapa, na mchuzi wa karanga kwenye mchicha, kwenye mlenda, hata kwenye samaki wa Mtera waliokaushwa, unafanya kazi ya nazi na kuzidi. Hifadhi karanga zikiwa na maganda yake kadiri inavyowezekana, twanga za wiki moja tu, maana za unga zinachacha.

Mafuta ya alizeti ya mashine ya mtaani ni salama? Yangu yana uchafu chini.

Ule uchafu ni machicha ya mbegu. Acha dumu litulie siku tatu nne, mimina juu polepole kwenye chombo kingine kikavu. Singida na Dodoma ndiko nyumbani kwa alizeti, kwa hiyo kununua mafuta mashineni ni busara, ukiyanusa kwanza. Yenye harufu ya rangi ya mlango au kadibodi yamechacha. Adui zake ni mwanga, joto na hewa: dumu lijae, lifungwe, likae gizani, siyo lile la wazi linaloonekana vizuri juu ya kabati karibu na dirisha. Maji yasiingie hata tone. Ya kukaangia usirudie mpaka yanakuwa meusi.

Nyanya, vitunguu, viazi bila friji?

Vitunguu vya Singida vilivyokauka shingo, ning'iniza kwenye wavu, vitakaa miezi. Viazi mahali pa giza, mbali na vitunguu. Chenye kijani kata sehemu hiyo yote. Nyanya za Ilula tenga likishuka bei, kata vipande, nyunyiza chumvi, anika juu ya chekeche chini ya chandarua. Ukame wetu unazimaliza siku mbili tatu. Mtu wa Tanga hawezi kufanya hivyo, kule zitaota ukungu kabla hazijakauka.

Dagaa toa vichwa, anika tena hata kama muuzaji ameapa, weka kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana.

Vyombo gani ni vya lazima?

Sufuria tatu, mwiko, upekecho, kinu na mchi, ungo, chekeche, kisu kimoja kikali kuliko vitano butu, karai. Na mifuniko! Upepo wa hapa kuanzia mwezi wa saba unaleta vumbi mpaka ndani ya kabati. Chombo chochote kisicho na mfuniko kihesabu kuwa kina mchanga.

Maji nayo ni sehemu ya stoo. Simtanki kama unaweza, la sivyo madumu sita ya lita 20, ya kunywa yawe na alama yake. Moto uwe wa aina mbili: gesi ya asubuhi na ya haraka, na kitu kingine siku mtungi ukiisha, maana huisha ugali ukiwa nusu.

Mgeni akitokea ghafla saa saba mchana?

Ugali, mlenda wa karanga, dagaa wa kukaanga na nyanya kavu. Uji wa ulezi uliotiwa ubuyu kama amekuja na watoto. Vyote viko stoo, hakuna anayetumwa dukani. Kama mgeni ni mkwe, hapo stoo haihusiki. Tuma kijana akamate kuku.